Mtu ni wa Nani? Neno kwa Mtahiniwa Kuhusu Tamthilia za Ebrahim Hussein

Mwanafunzi mpendwa, kabla hujafungua maswali ya marudio, nipe dakika chache nikuzungumzie mwandishi ambaye huenda hayumo katika orodha ya vitabu vyako vya mwaka huu. Nina sababu. Kila ninaposahihisha majibu ya tamthilia, nakutana na aya ile ile iliyoandikwa kwa miandiko tofauti: maudhui ya kwanza ni mapenzi, maudhui ya pili ni kifo, maudhui ya tatu ni ukombozi. Kila moja lina mfano wake, na kila mfano una ukurasa wake. Alama zinapatikana, sikatai. Lakini mwandishi anayeitwa Ebrahim Hussein ukimsoma hivyo utamaliza kitabu na hujakutana naye.

Maoni yangu ni kwamba katika tamthilia zake, mapenzi, msiba na ukombozi si mambo matatu. Ni swali moja analolirudia kwa karibu miaka ishirini, kila mara akilivalisha nguo nyingine: mtu ni wa nani? Ni wa nafsi yake, au ni wa watu wake?

Hussein alizaliwa Lindi, pwani ya kusini mwa Tanzania, mwaka wa 1943. Alisoma sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha akaenda Berlin, upande wa Ujerumani Mashariki ya wakati ule, akapata shahada ya uzamifu mwaka wa 1975 kwa utafiti kuhusu drama ya Afrika Mashariki. Huko nyuma alikuwa ameshatoa Kinjeketile (1969), Wakati Ukuta na Alikiona (1970) na Mashetani (1971). Baadaye zikafuata Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi katika kitabu kimoja (1976), Arusi (1980) na Kwenye Ukingo wa Thim (1988). Hesabu hiyo miaka: alipochapisha Kinjeketile alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu tu. Nakutajia hilo makusudi, kwa kuwa wengi wenu hudhani vitabu vinavyotahiniwa huandikwa na wazee pekee.

Tuanze na Wakati Ukuta, kwa sababu ndiyo iliyo karibu zaidi na nyumbani kwako. Tatu ni msichana wa mjini anayetaka kutoka, kuvaa apendavyo na kumpenda amtakaye. Mama yake hataki kusikia. Baba anaona kuwa dunia imebadilika na kwamba kushindana nayo ni kujiumiza, na humo ndimo jina la tamthilia lilimotoka, katika methali unayoijua. Tatu anaolewa na Swai, kijana aliyemchagua mwenyewe, na ndoa haidumu. Mwanafunzi mwenye haraka huandika hapa: "Funzo ni kwamba watoto wawatii wazazi." Sikubaliani. Kama mwandishi angetaka kutuambia hivyo, asingempa baba hoja nzito namna ile, wala asingemfanya mama awe mkali kiasi cha kumsukuma binti mlangoni. Tatu anashindwa, ndiyo. Lakini hakuna mahali tunapoonyeshwa kwamba angefaulu kwa kukaa ndani. Alijitoa mikononi mwa mama akaangukia mikononi mwa mume, na swali la yeye ni wa nani halikupata nafasi ya kujibiwa na yeye mwenyewe.

Sasa nenda Kinjeketile ukiwa na swali hilo hilo mkononi.

Vita vya Maji Maji umevisoma katika Historia. Vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, vikaenea kusini mwa Tanganyika, na kuzimwa kufikia 1907. Wajerumani walikadiria waliokufa kuwa 75,000, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Wanahistoria waliofuata wametaja idadi inayozidi hiyo mara tatu. Mtu aliyetoa maji ya kuzuia risasi, Kinjeketile wa Ngarambe, alinyongwa mapema kabisa, Agosti 1905, kabla vita havijashika moto kila mahali.

Hapo simama kidogo. Katika tamthilia, Kinjeketile hafi mapema. Hussein anamwacha hai mpaka watu wake washindwe, kisha anamtia gerezani. Kwa nini abadilishe jambo ambalo kila mwanahistoria angemkosoa kwalo? Yeye mwenyewe aliwatahadharisha wasomaji kuwa Kinjeketile wake ni kiumbe wa ubunifu. Mimi nadhani alimhitaji hai kwa ajili ya onyesho moja tu, lile la mwisho.

Kumbuka kilichotangulia. Kinjeketile anavutwa majini na pepo, watu wanamlilia wakidhani amekufa, naye anarudi na ujumbe: makabila yaungane, maji yatawakinga. Pepo linapomtoka ndipo anapoyasikia maneno aliyoyatamka, na ndani yake kuna jambo linalomshtua. Watu wake wameahidiwa kuwa watoto wa Sayyid Said. Maana yake ni kumtoa bwana mmoja na kumpokea mwingine. Kuanzia hapo nabii ana shaka na unabii wake mwenyewe. Anajaribu kuvichelewesha vita. Haiwezekani tena, kwa kuwa lile neno lilikwisha kuwa mali ya watu. Lilimpita kimo yeye aliyelizaa.

Ukiulizwa kuhusu msiba katika tamthilia hii, usikimbilie maiti za vitani. Msiba wa kwanza ni huu: mtu kupoteza neno lake. Kinjeketile hana pa kusimama. Akiwaambia watu anavyofikiri, anavunja umoja ambao hakuna mtu mwingine aliyeweza kuuleta. Akinyamaza, wanakwenda kufa kwa ajili ya kitu ambacho yeye hakiamini.

Wanashindwa. Gerezani anatakiwa akiri kuwa maji yalikuwa uongo. Hata Kitunda, rafiki yake na kiongozi wa jeshi, aliyekuwa na shaka tangu mwanzo, anamsihi akubali apunguziwe mateso. Ukweli ni kwamba Kinjeketile mwenyewe hana hakika na maji. Mtu mwaminifu angesema, "Ndiyo, yalikuwa uongo," na asingekuwa amedanganya sana. Anakataa. Anajua kuwa Wajerumani hawaulizi habari za maji. Wanataka watoto watakaozaliwa kesho waambiwe kuwa waliopigania ardhi yao walipigania upuuzi.

Nimewahi kuulizwa na mwanafunzi wa kidato cha nne kama Kinjeketile ni shujaa au mwongo. Nilimjibu kuwa swali lake ni zuri kuliko mengi ya kwenye vitabu vya mwongozo, hiki kikiwamo. Mimi naona ni shujaa, kwa sababu anakubali kubeba lawama ya neno ambalo si lake tena. Lakini nimesoma majibu yaliyoshikilia kuwa ni mwongo, yakatetea hoja vizuri, nikayapa alama zote.

Hussein pia ana makosa yake, nami sitaki umsome kwa magoti. Kinjeketile inafunguka kwa mazungumzo ya wanawake, Bi. Kitunda na Bi. Kinjeketile, wakizungumza juu ya njaa na shida za nyumbani. Ni mwanzo mzuri mno: ukoloni unaanza kuonekana jikoni kabla ya kuonekana shambani. Kisha mambo makubwa yanapoanza, wanaume wanalishika jukwaa na wanawake hao wanafifia. Ukipata swali la nafasi ya mwanamke, liseme hilo bila woga. Kumkosoa mwandishi kwa ushahidi ni sehemu ya kujibu.

Mashetani nitaipitia haraka, si kwa kuwa ni ndogo bali kwa kuwa ni ngumu, na inahitaji makala yake. Juma na Kitaru ni marafiki vijana wanaoigiza mchezo ndani ya mchezo, mmoja Shetani, mwingine Binadamu. Uhuru umekuja, Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 yamepita, na familia ya mmoja imepanda huku ya mwingine ikishuka. Bibi yake Juma bado anaishi katika enzi ya utukufu uliokwisha. Urafiki wao ndio unaolipia yote hayo. Waliokuwa wakipendana kama ndugu wanagundua kuwa kila mmoja ni wa tabaka lake kabla ya kuwa wa mwenzake. Unaona lile swali limerudi?

Linarudi kwa ukali zaidi katika Kwenye Ukingo wa Thim, na hapa Hussein anavuka mpaka na kuja kwetu Kenya.

Waulize wazazi wako kuhusu kesi ya S. M. Otieno, kama wao walikuwa wadogo, muulize babu au nyanya. Otieno alikuwa wakili mashuhuri wa Nairobi, Mjaluo. Alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, Mkikuyu aliyekuwa amejitosa katika harakati za Mau Mau akiwa msichana, alitaka kumzika katika shamba lao la Upper Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wa marehemu, Umira Kager, ulidai azikwe kwao Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa takriban miezi mitano bila kuzikwa huku mawakili wakibishana na nchi nzima ikifuatilia magazetini. Mahakama ya Rufani iliupa ukoo haki. Otieno akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987, na mjane wake hakuhudhuria.

Mwaka uliofuata tamthilia ikachapishwa. Humo wahusika wakuu ni Herbert na Martha, mume na mke wa makabila mawili. Herbert anafariki, na ukoo wake unautaka mwili. Si ripoti ya kesi, kwa hiyo usiandike kuwa Martha "ni" Wambui. Andika kuwa mwandishi ameanzia kwenye tukio la kihistoria, kama alivyofanya na Maji Maji.

Katika tamthilia hii hutaweza tena kuyatenganisha yale maudhui matatu. Mapenzi ya Martha na Herbert ndiyo yanayoshtakiwa: je, miaka ya ndoa inampa mke haki gani mbele ya damu? Msiba wenyewe unageuka uwanja wa vita, mwenye kufiwa akanyimwa hata nafasi ya kulia. Na ukombozi? Fikiria juu ya yule mjane wa kesi ya kweli. Alihatarisha ujana wake ili nchi iwe huru, na nchi ilipokuwa huru ikamwambia hawezi kuamua kaburi la mumewe liwe wapi.

Walakini usiufanye ukoo kuwa majitu ya ngano. Hilo ni kosa ninaloliona mara nyingi, hasa kwa wanafunzi waliolelewa mijini. Kwa watu wa ukoo, mwana asiyezikwa nyumbani ni mwana aliyepotea, na waliopotelewa ni wao pia. "Thim" kwa Kidholuo ni pori, nje ya makazi ya watu. Sasa jiulize nani yuko ukingoni mwa pori hilo. Kwa ukoo, ni yule mume aliyelala mbali na wazee wake. Kwa Martha, ni jamii inayompokonya mjane kila kitu mchana kweupe. Hussein ameliacha jina hilo lining'inie juu ya wote. Mimi moyo wangu uko kwa Martha na siufichi, ila kila ninapoirudia tamthilia hii hoja za upande wa pili huninyima usingizi kidogo.

Baada ya hapo Hussein hakuendelea na utitiri wa vitabu. Alikuwa ameshaondoka chuo kikuu miaka ya 1980, akaishi Dar es Salaam kimyakimya, mbali na majukwaa. Kuna tuzo ya ushairi yenye jina lake iliyoanza kutolewa mwaka wa 2014, na pengine ndipo vijana wengi walipolisikia jina hilo kwa mara ya kwanza. Wapo wanaosema alikata tamaa. Mimi sioni hivyo. Mtu aliyeandika maisha yake yote juu ya gharama ya kuwa mali ya umma anaweza kuchagua kuwa mali yake mwenyewe, na hana deni la kutueleza.

Turudi kwenye meza yako ya kusomea. Chukua tamthilia uliyowekewa mwaka huu, mmoja wa wahusika wakuu, na karatasi tupu. Usiandike maudhui. Andika majina ya wote wanaodai kuwa mhusika huyo ni wao: mzazi, mume au mke, mwajiri, ukoo, serikali, kanisa au msikiti. Mbele ya kila jina andika onyesho ambamo dai hilo linatolewa, na gharama anayolipa mhusika kwa kulikubali au kulikataa. Ukiulizwa kuhusu mapenzi, ukombozi, mgogoro au nafasi ya mwanamke, utaona kuwa nusu ya jibu lako iko tayari kwenye karatasi hiyo, tena kwa lugha yako mwenyewe.

Kisha, jioni moja nyumbani, uliza swali hili mezani: katika familia yetu, nani huamua mtu azikwe wapi? Sikiliza nani anajibu kwanza, na nani ananyamaza.