Punda Apimwe Kabla ya Kukabidhiwa

Katika Binza na vijiji vingi vya Mkoa wa Simiyu, punda ndiye mbeba maji wa kiangazi na mvuta mkokoteni wa mavuno. Hutokea familia ikashindwa kumtunza: kijana aliyekuwa akimchunga amekwenda masomoni, au mzee wa nyumba amedhoofika. Ndipo punda anapopelekwa kwa ndugu au jirani kwa mapatano mepesi: mlishe, mtunze, nawe umtumie kwa kazi zako. Fedha haitoki mfukoni mwa yeyote. Maksai wa kulimia nao hukabidhiwa namna hiyo.

Tumekwisha kuketi katika vikao vya suluhu vilivyotokana na mapatano ya aina hii. Miezi imepita na punda anachechemea. Mwenye mali anasema aliondoka kwake mzima. Mtunzaji anasema alikuja hivyo hivyo. Wote wawili wako tayari kuapa, na huenda kila mmoja anasema analoliamini. Shahidi hakuna.

Wanavyuoni wa fiqhi wameeleza kwamba mwenye kumchukua mnyama kwa ijara ni mwaminiwa: halipi fidia ila ikithibiti kuwa amezembea au amevuka mipaka ya makubaliano. Sasa uzembe utathibiti vipi, ikiwa hali ya mnyama siku ya kukabidhiwa haikujulikana? Kwa sababu hiyo twaona kumwita daktari wa mifugo, au afisa mifugo wa kata, ni sehemu ya mkataba wenyewe. Wako wanaoona haya kumpimisha mnyama anayekwenda kwa mjomba, wakidhani ni kumshuku. Haya hiyo haina mahali. Mjomba ndiye atakayeulizwa punda akianguka.

Upimaji ufanywe siku kadhaa kabla ya safari, ili likionekana jambo pawe na nafasi ya kulitibu, na pande zote mbili zihudhurie. Punda atazamwe akitembea bila mzigo juu ya ardhi ngumu, kisha ageuzwe kulia na kushoto. Kila ukwato uinuliwe na usafishwe, kwani ukwato uliorefuka au kuoza ndani hauonekani mnyama akiwa amesimama. Mabega na mgongo vipapaswe. Mara nyingi nywele nyeupe mahali hapo ni alama ya kidonda cha zamani cha tandiko au hatamu. Kinywa nacho kifunguliwe. Meno ya mbele ya kudumu hukamilika akikaribia miaka 5, na magego yenye ncha hujeruhi mashavu hata akashindwa kutafuna. Punda wa namna hiyo hukonda, na mwenyeji wake mpya humwita mvivu.

Jambo moja huwapita hata waliozoea mifugo. Joto la kawaida la punda mzima ni karibu nyuzi 37 za Selsiasi, wakati la ng'ombe ni kama 38.5. Basi kipimo kinachomridhisha mtu kwa ng'ombe, kwa punda ni homa. Tena punda huficha maumivu. Husimama kimya mahali ambapo farasi angelijitupa chini na kugaagaa. Jike aangaliwe mimba, maana huibeba kwa takriban mwaka mzima, na aliyempokea kwa ajili ya mkokoteni ana haki ya kujua. Daktari aulizwe pia kuhusu chanjo ya pepopunda, ugonjwa ambao lugha yetu yenyewe imeupa jina la mnyama huyu. Kwa wanaoishi jirani na Pori la Akiba la Maswa, aulizwe juu ya mbung'o na nagana.

Na huko anakokwenda kukaguliwe. Je, kuna kivuli na maji ya kutosha? Muhimu zaidi, mwenyeji anaogeshea ng'ombe wake dawa gani? Zipo dawa za kupe zenye amitrazi, ambazo kwa ng'ombe ni salama, lakini kwa punda na farasi huweza kuzuia utumbo kufanya kazi na kuua. Mtu mwema anayempulizia mgeni wake dawa hiyo kwa huruma atamwua bila kukusudia.

Matokeo yaandikwe kwenye karatasi mbili zenye tarehe na saini, zikiwa pamoja na mapatano ya siku za kazi, uzito wa mzigo na nani atalipia matibabu. Gharama ya upimaji wa kwanza twaona ni ya mwenye mali. Akiwa mnyama anavuka kwenda wilaya nyingine, kibali cha kusafirisha mifugo kiombwe mapema kwa afisa mifugo, kwa kuwa Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003 inakitaka.

Limebaki moja linalosahauliwa katika nyumba zetu. Wanaume ndio hujipanga kumzunguka daktari, ilhali anayetembea na punda huyo kwenda kisimani na kurudi ni mama au binti. Yeye ndiye anayejua ni upande gani mnyama anakataa kubebeshwa, tangu lini anakohoa, na ni mguu upi huanza kuvuta akipanda mlima. Aitwe, aulizwe yeye kwanza, na maneno yake yaandikwe.