Hakuna sanduku lenye jina lako

Kwenye karamu ya harusi hapa Leicester, mzee mmoja ninayemheshimu alipewa kipaza sauti awausie maharusi. Akausia subira, akausia sala, kisha sijui ilikuwaje akaingia kwenye pensheni. Vijana wasihofu uzee katika nchi hii, akasema, maana Mwingereza si kama serikali zetu za kule. "Kila senti niliyokatwa imewekwa. Imeandikwa jina langu, inaningoja. Hapa hakuna wa kuigusa." Ukumbi mzima ukatikisa vichwa kukubali, na sahani za biriani zikaendelea kupita.

Biriani ilinikwama. Usemi huu nimeushiba. Nimeusikia kwa vinyozi wa East Ham, nimeusikia Milton Keynes, naletewa kila wiki kwenye makundi ya WhatsApp na watu wasiojuana, kwa maneno yale yale, kama aya waliyofundishwa chuoni. Na siku zote hakuna anayeuliza swali la kitoto: imewekwa wapi?

Haikuwekwa popote. Yale makato ya Bima ya Taifa, NI kama tunavyoyaita, unayoyaona kwenye karatasi ya mshahara, hayaendi kwenye akaunti yako, kwa sababu akaunti huna. Yanaingia kwenye mfuko wa serikali na kutoka kumlipa bibi wa Bournemouth aliyestaafu zamani. Yeye alipokuwa kazini alimlipa bibi mwingine. Ni upatu, ila ni upatu ambao kijumbe ana ruhusa ya kubadili zamu, kiasi na masharti wakati mchezo unaendelea, na wewe uliyecheza miaka thelathini hana haja ya kukuuliza. Kinachotunzwa kwa jina lako ni hesabu ya miaka: 35 ukitaka pensheni kamili kwa utaratibu mpya ulioanza Aprili 2016, na ukiwa na chini ya 10 hupati hata peni. Hesabu ya miaka huwezi kwenda nayo dukani.

Kama huniamini mimi, waamini majaji. Annette Carson alifanya kazi Uingereza, akachanga, akahamia Afrika Kusini, na pensheni yake ikagandishwa pale pale. Akashtaki. Mwaka 2005 akashindwa mbele ya mabwana wa sheria wa London, na Machi 2010 akashindwa tena mbele ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Sikiliza walichosema majaji wa mahakama hiyo, kwa maneno yangu: michango ya NI haina fungamano la pekee na pensheni, ni sehemu ya mapato ya serikali, yanayolipia posho za aina nyingi na hata huduma ya afya. Mahakama kubwa imekwisha kutamka kwamba hakuna sanduku, na sisi bado tunausiana kwenye harusi kuhusu sanduku.

Ugandishaji huo wala si hadithi ya Afrika Kusini peke yake. Mtu aliyerudi Mombasa mwaka 2010 na pensheni kamili ya msingi alikuwa anapata pauni 97.65 kwa wiki. Leo hii anapata pauni 97.65 kwa wiki. Mwenzake aliyefanya naye kazi zamu moja, wakakatwa kiasi kimoja, akabaki zake Leicester, tangu Aprili 2025 alikuwa akipata 176.45. Kenya imo kwenye ugandisho, Tanzania imo, Uganda imo. Mauritius haimo, Jamaika haimo, Ufilipino haimo. Ukistaafia Marekani unaongezwa kila Aprili. Ukivuka mpaka ukaishi Kanada huongezwi. Na akija huyo wa Mombasa kuwatembelea wajukuu, kwa zile wiki alizopo hapa anaweza kulipwa kiwango cha leo, kisha akipanda ndege anarudishwa kwenye bei ya 2010. Watu zaidi ya 400,000 duniani wanaishi hivyo. Sasa niambie, pesa iliyoandikwa jina lako inajuaje kwamba umepanda ndege?

Wanawake ndio walioonja zaidi. Bi mmoja wa kwetu, mzaliwa wa Novemba 1954, amesafisha wodi za hospitali London tangu ujana wake. Alipoanza kazi aliambiwa atapumzika akifika miaka 60. Sheria ya 1995 ikamsogeza hadi 64 na miezi. Sheria ya 2011 ikamsogeza tena hadi 66. Siku aliyonionyesha mikono yake, vidole vilivyopinda kwa maji ya dawa, alikuwa bado anaamka saa kumi alfajiri kuwahi basi la kwanza, na anaapa hakuona barua yoyote. Wenzake waliozaliwa miaka ya hamsini waliunda umoja wao, WASPI, mwaka 2015. Machi 2024 mchunguzi wa malalamiko ya umma akasema wazi kwamba serikali ilizembea kuwaarifu, akapendekeza walipwe kati ya pauni 1,000 na 2,950 kila mmoja. Wabunge wa Labour waliokuwa wakipiga nao picha huku wakitabasamu walipokuwa upinzani, Desemba 2024 wakiwa na funguo za hazina wakasema: poleni sana, fidia hakuna. Kwetu tunasema ahadi ni deni. Westminster ahadi ni rasimu.

Naijua hoja itakayonijia, maana mtu ameshanitupia mezani: "Lakini bwana, hawa ni watu wa sheria." Sheria! Ewe ndugu yangu, kuna jambo gani kati ya haya lililofanywa kinyume cha sheria? Bi wa wodi amecheleweshwa kisheria. Mzee wa Mombasa amegandishwa kisheria. Thatcher alipotenganisha pensheni na mishahara mwaka 1980, alitunga sheria safi kabisa. Mwaka 2000 wazee waliongezewa senti 75 kwa wiki, kisheria, na hakuna aliyevunja hata alama ya nukta. Sheria ndiyo kisu chenyewe, nawe unaniambia nisiogope kwa sababu kinang'aa.

Na wale wanaosema Mwingereza hachezi na fedha za wazee walikuwa wapi Septemba 2022? Waziri Mkuu Liz Truss alikaa madarakani siku 49, na ndani ya siku hizo bajeti yake ndogo ilitikisa soko hadi Benki Kuu ikalazimika kununua hati za serikali kuokoa mifuko ya pensheni za waajiri. Hiyo ndiyo serikali makini tunayowasimulia wa nyumbani kwenye simu.

Kinachonichekesha ni jinsi tunavyoicheka Tanzania kwa kikokotoo. Mwaka 2018 walileta kanuni mpya ya mafao, mstaafu achukue asilimia 25 kwa mkupuo na kilichobaki alipwe kidogo kidogo. Wafanyakazi wakaja juu, na mwishoni mwa mwaka huo huo Rais Magufuli akaisimamisha. Hapa tukasema: angalia nchi zetu, leo hivi kesho vile. Haya, na Uingereza? Julai 2024 waziri wa fedha Rachel Reeves akawanyang'anya mamilioni ya wastaafu posho ya kupashia nyumba joto wakati wa baridi, akiwaachia mafukara waliothibitishwa. Wazee wakapiga kelele, kura zikapungua, na Juni 2025 akageuza: kila mwenye kipato kisichozidi pauni 35,000 arudishiwe. Leo hivi kesho vile, ila kwa lafudhi nzuri. Zote mbili ziligeuzwa na kelele, na hakuna hata moja iliyogeuzwa na risiti za michango.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa mambo, na hapo ndipo yule mzee wa harusi anapotudhuru hasa. Mtu anayeamini pesa yake imefungiwa mahali hujilalia usingizi. Wazee wa Kizungu hawalali. Wao wanajua, hata kama hawasemi, kwamba pensheni ni mvutano wa kila mwaka na aliye kimya ndiye anayekatwa. Wanajipanga foleni kupiga kura mvua ikinyesha, na ndiyo maana tangu 2011 kila chama kinaogopa kuigusa ile kanuni ya kupandisha pensheni kwa kipimo kikubwa kati ya mishahara, bei, au asilimia 2.5. Hata hiyo iliwekwa kando kwa mwaka mmoja, 2022, ilipoonekana inagharimu. Kuanzia Aprili 2026 umri unaanza kupanda kutoka 66 kuelekea 67, na waliozaliwa kuanzia Aprili 6, 1960 ndio wa kwanza kuonja. Tangu Julai 2025 upo uchunguzi mwingine wa umri huo. Hawachunguzi ili waushushe.

Na sisi? Sisi tuko kwenye biriani. Wengi wetu hatujui hata hili: Mkenya, Mtanzania, Mganda, hata Mnyarwanda anayeishi hapa kihalali, kwa kuwa nchi yake imo Jumuiya ya Madola, anaruhusiwa kupiga kura ya ubunge bila kuwa na pasipoti ya Uingereza. Mhindi analijua hilo zamani, analitumia. Na aliyechukua uraia akarudi zake Unguja, tangu Januari 2024 kile kikomo cha miaka 15 kimeondolewa. Ana kura hata kama aliondoka enzi za Thatcher. Kujiandikisha ni bure, unajaza kwenye simu kwa dakika chache, na namba wanayokuuliza ni hiyo hiyo ya NI tunayoihusudu. Niliwaeleza haya vijana kadhaa wa Milton Keynes, wote wana kazi, wote wanakatwa kila mwezi. Wakasikiliza kwa adabu. Kisha mmoja akanivuta pembeni akauliza, kwa sauti ya chini asisikike, kama ukijiandikisha wanaweza kukupunguzia pensheni.