Namba Nayo Ihojiwe

Wako mafundi wa kompyuta siku hizi ambao mashine hawaigusi. Hufungua programu ya kupima joto, husoma namba iliyoandikwa pale, kisha hutoa hukumu: "Prosesa imekwisha, nunua nyingine." Nasema huo si ufundi. Namba ya joto ni shahidi, na shahidi huhojiwa kabla ya kuaminiwa.

Msomaji ataniuliza: je, kompyuta nayo yaweza kusema uongo? Yaweza, tena kwa kusudi la walioitengeneza. Mwaka 2017 kampuni ya AMD ilitoa prosesa za Ryzen 7. Mbili kati ya hizo, 1700X na 1800X, zilitangaza joto lililozidishwa nyuzi 20 juu ya joto halisi. Kampuni yenyewe ilieleza kwamba nyongeza hiyo ilikusudiwa kuziendesha feni za prosesa mbalimbali kwa utaratibu mmoja. Kwa feni, sababu hiyo yatosha. Kwa mwenye kompyuta haitoshi hata kidogo, kwani alichoambiwa kuwa ni joto hakikuwa joto. Programu iliyojua habari hiyo ilizipunguza zile 20. Isiyojua ilionyesha namba ya kutisha vile vile.

Hasara yake naijua. Jirani yangu mmoja hapa Dar es Salaam, mama anayeishi kwa kuchapa barua na kutoa nakala, alinunua kompyuta ya mezani ya mtumba yenye 1700X. Fundi aliona 64 mashine ikiwa haina kazi, akamtaka fedha za prosesa mpya. Fedha hizo zilikuwa ada ya watoto. Nilipoitazama, chumba kilikuwa na nyuzi 31, feni inazunguka, na chuma cha kupozea ni vuguvugu. Chuma hicho peke yake si ushahidi, maana kisipokaa sawasawa juu ya prosesa hubaki vuguvugu huku prosesa inaungua. Basi tuliweka toleo jipya la programu, ikasoma 44. Tukaipa mashine kazi nzito kwa nusu saa; namba ikapanda hadi 68, ikatulia. Ada ya watoto ikalipwa.

Maswali ya kumhoji shahidi huyu si mengi wala hayahitaji digrii. Washa kompyuta iliyozimwa usiku kucha: namba ya kwanza yapasa kuzidi kidogo joto la chumba. Ikisoma 20 katika chumba cha nyuzi 31, inadanganya, kwani feni haiwezi kupoza kitu kikawa baridi kuliko hewa inayoipuliza. Namba iliyoganda, kwa mfano 127, mchana na usiku, mara nyingi hutoka kwenye kipimo kisichounganishwa na kitu. Na kila prosesa ina kikomo chake. Zile Ryzen 7000 za mwaka 2022 zilitengenezwa zifike hata nyuzi 95 chini ya kazi nzito bila kudhurika. Anayezihukumu zote kwa kipimo kimoja hajui anachokipima.

Wapo watakaosema, tahadhari kabla ya hatari. Nakubali kwamba joto la kweli lipo. Vumbi huziba njia za hewa, feni huchoka, na ile pesti iliyo kati ya prosesa na chuma hukauka. Lakini dawa ya hayo ni brashi, feni, na pesti mpya, vitu vya bei ndogo. Tena prosesa za siku hizi hujilinda zenyewe: zikifikia kikomo hupunguza kasi, na zikizidiwa huzima. Kwa hiyo muda wa kuchunguza upo. Kumtoza mtu bei ya prosesa kabla ya kupangusa vumbi si tahadhari, ni dhuluma iliyovaa koti la utaalamu.

Nawe mwenye kompyuta, usitoe fedha kwa sababu ya namba peke yake. Mwulize fundi: umepima kwa programu gani, ya toleo gani, na kikomo cha prosesa hii ni kipi? Asiyeweza kujibu hayo matatu hana haki ya kuihukumu mashine yako, wala ya kuufungua mkoba wako.