Msiifunge Karakana ya Jumamosi

Wahenga walinena kuwa elimu bila amali ni kama nta bila asali. Methali hii tumeikariri darasani mpaka tumeikinai. Lakini mwaka huu, msomaji mpendwa, nimeiona ikijaribiwa papa hapa shuleni kwetu kisiwani Lamu, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Kila Jumamosi, baada ya sala ya adhuhuri, wanafunzi kama 20 hukutana katika karakana iliyo nyuma ya stoo. Anayetufundisha si mwalimu wa chaki. Ni mzee fundi, mchonga milango, na hutufundisha kutumia randa, msumeno, patasi, tezo na keekee, kile chombo cha kutobolea mbao kinachozungushwa kwa uta. Umeme hautumiki hata kidogo. Muda wetu wa saa mbili ukiisha tunafagia maranda, tunatia vyombo mafuta, kila mtu anakwenda zake.

Sasa tunasikia ati karakana ifungwe, Jumamosi zote ziwe za marudio ya mtihani. Wenye rai hiyo ni wakubwa wetu na tunawaheshimu. Hata hivyo, mdharau mwiba mguu huota tende, na mimi naona hapa pana mwiba.

Hoja yao ya kwanza ni kwamba useremala ni kazi ya walioshindwa na masomo. Hebu tuutazame mji wetu. Mwaka 2001 UNESCO iliutia Mji wa Kale wa Lamu katika orodha ya Urithi wa Dunia. Watalii wanaokuja huku hawaji kutazama vyeti vyetu. Husimama vichochoroni wakipiga picha miimo, mfaa na vizingiti vya milango iliyochongwa kwa mkono. Nenda Matondoni ukaone majahazi yanavyoundwa. Fundi pale hukata kwa tezo ubavu wa chombo, akaupima kwa jicho, nao ukakaa. Je, huyo ameshindwa na masomo au sisi ndio tuliofeli somo lake?

Hoja ya pili ni kwamba ufundi hauna nafasi katika mtaala. Hili nalo lina historia yake. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, masomo ya amali yalitiliwa mkazo, na wazazi wetu wengi walichonga miko na vibao tangu shule ya msingi. Baadaye mzigo wa masomo ukaonekana mzito, mtaala ukapunguzwa, na ufundi ukawa miongoni mwa vilivyotupwa baharini kwanza. Mwaka 2017 ukaanza kufanyiwa majaribio mtaala wa umilisi, ambao unasisitiza kwamba mwanafunzi aweze kutenda, si kukariri tu. Basi itakuwa ajabu tufunge karakana wakati ambapo nchi nzima inaambiwa itende!

Hoja ya tatu ina nguvu, na sitaificha. Wanasema mashine hufanya kwa dakika chache kazi ambayo sisi tunaifanya mwezi mzima. Kweli. Mtu mwenye mbao 100 za kupiga randa na awe na mashine, Mungu ambariki. Lakini sisi hatukwenda karakana kushindana na mashine. Tulikwenda kujifunza, na kilichonifunza mimi ni marufaa.

Marufaa, kwa asiyejua, ni kile kibao cha kuwekea Msahafu. Ile tunayofundishwa hutoka katika ubao mmoja, haina msumari wala bawaba ya chuma. Unachora meno katikati ya ubao, unayachonga kwa patasi upande huu na upande wa pili, kisha unaupasua ubao kwa unene wake, msumeno ukiingia kutoka ncha zote mbili mpaka uyafikie meno. Ukipatia, ubao unafunguka kama kitabu. Ukikosea hata kiasi cha ukucha, umebaki na kuni.

Mimi nilikosea. Nilikuwa namtengenezea nyanya yangu, na kwa haraka zangu nikachonga kinyume cha nyuzi za mti. Jino moja likapasuka. Nikafanya ujanja: nikachanganya gundi na unga wa mbao, nikaziba ufa, nikapiga msasa mpaka ukapotea. Wallahi hata wewe usingeuona. Mzee fundi akaipokea, akaifungua, akaifunga, akaifungua tena. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, hii nyanya ataifungua mara ngapi kwa siku?"

Sikuwa na jibu. Nyanya husoma asubuhi na jioni. Gundi yangu isingefika Ramadhani. Niliirudisha ile marufaa mezani, nikachukua ubao mwingine wa mwarobaini, nikaanza upya. Ilinichukua Jumamosi tano.

Jamani, tuseme ukweli. Darasani mtu anaweza kuingia na mwakenya sokisini, akapata alama asizozistahili, na pengine asijulikane. Insha unaweza kuandikiwa na kaka. Hesabu unaweza kuziiga kwa jirani. Lakini jino la marufaa halina mwakenya. Limeshika au halikushika, na mkono wako mwenyewe ndio shahidi. Ikiwa tunalalamika kila mwaka juu ya wizi wa mitihani, kwa nini tufunge chumba cha pekee shuleni ambamo haiwezekani kuiba?

Sisemi kwamba karakana yetu haina kasoro. Inazo, na kubwa ni kwamba wote tuliomo ni wavulana. Dada zetu huchungulia dirishani wakiambiwa hiyo si kazi yao. Nani kasema? Patasi haiulizi mshikaji ni nani. Kasoro ya pili ni kwamba shule haijaona faida yetu, ilhali madawati mabovu yamerundikana pale pale stooni, nasi madarasani tunabanana watatu watatu.

Kwa hivyo napendekeza hivi. Karakana ibaki na saa zake mbili za Jumamosi, na asubuhi yote iwe ya marudio. Kidato cha Nne wapumzishwe muhula wa tatu wakajiandae. Wasichana waandikishwe kuanzia mwaka ujao. Na kila anayejiunga alipe ada kwa kutengeneza dawati moja kila muhula. Tukiwa 20, hayo ni madawati 60 kwa mwaka, bila shule kununua hata moja.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini fundi akiondoka bila mwanafunzi, huo kweli ni mwisho. Mzee wetu macho yamepungua nuru. Siku hizi hupapasa ubao kwa kidole gumba ndipo aseme umenyooka au haukunyooka. Wakubwa wetu, kabla ya kutia kufuli, njooni Jumamosi moja tu mketi nasi. Marufaa ya nyanya nitaiazima niilete muifungue wenyewe.