Neno Hongo Limeonewa

Mtu akiibiwa ng'ombe hupiga yowe, na majirani hutoka. Akiibiwa jina lake jema, aghalabu hakuna atokaye. Leo twapiga yowe kwa ajili ya neno moja, neno hongo, maana limeharibiwa mara mbili: kwanza na wageni walioliandika, kisha na sisi wenyewe tunaolisema.

Zamani za misafara, njia ya kutoka pwani ilipita Ugogo ikafika Tabora, na huko ikagawanyika, nyingine kwenda Ujiji, nyingine kwenda kaskazini. Watemi ambao misafara ilipita katika nchi zao walipewa hongo, yaani nguo, shanga au waya. Halikuwa jambo la siri. Wapagazi walitua mizigo, wajumbe wakaenda na kurudi, doti zikahesabiwa mchana mbele ya watu. Ugogo maji ni haba, na msafara wa mamia ya watu uliweza kukausha kisima cha kijiji kizima. Je, mwenye kisima asidai kitu? Huo ulikuwa ushuru wa njia, kama ushuru wowote utozwao mpakani hata leo.

Burton alifika Tabora mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871. Walipoandika vitabu vyao, hongo wakaiita kwa Kiingereza "blackmail", neno ambalo maana yake sasa ni kumtoza mtu mali kwa vitisho. Mlipaji ndiye aliyeshika kalamu, mlipwaji hakuulizwa. Nasi twauliza: ni nani aliyepata kumsikia mlipa kodi akiisifu kodi?

Lakini litazameni neno hilo lao. Hiyo "mail" iliyomo ndani yake si ile ya barua. Ni neno la kale la Waskoti, adimu sana siku hizi, na maana yake ni kodi au malipo ya pango. "Blackmail" ilikuwa malipo ambayo wakulima wa mpaka wa Uingereza na Uskoti waliwapa wakubwa wa vikosi vya wanyang'anyi, ili mifugo yao isalimike. Mwaka 1601 sheria ya Malkia Elizabeth iliyakataza. Kamusi kubwa ya Oxford, ambayo kitabu chake cha kwanza kilikamilika mwaka 1888, iliiweka maana hiyo ya kale mbele, na ile ya vitisho nyuma yake. Basi neno la wanyang'anyi wao lilipewa historia; neno la watemi wetu likapewa hukumu.

Kamusi za Kiswahili za Madan, mwaka 1903, na Johnson, mwaka 1939, hazikuyasahau malipo ya njia. Sisi ndio tuliosahau. Mwulizeni mtoto wa shule hongo ni nini, atajibu: rushwa. Hana jibu la pili.

Hatusemi kwamba watemi wote walikuwa watu wa haki. Nchi hii ya Ulyankulu ilikuwa mkononi mwa Mtemi Mirambo. Stanley aeleza kwamba msafara wa Waarabu uliokwenda Ujiji ulidaiwa naye vipipa 5 vya baruti, bunduki 5 na robota 5 za nguo; ukalipa, kisha ukaambiwa urudi ulikotoka. Habari hiyo ilitoka kwa adui zake. Hata hivyo, ikiwa ndivyo ilivyokuwa, hatumtetei: kupokea ushuru na kuifunga njia ni dhuluma. Lakini dhuluma ya mmoja haibadili jina la desturi ya wote. Wadachi nao, walipokwisha kuishika nchi, wakaanza mwaka 1898 kudai kodi ya nyumba, kwa nguvu ya askari. Wala hatujaona kamusi iliyoiita kodi hiyo "blackmail".

Wako watakaosema, Hayo ni maneno tu, hayamshibishi mtu. La, yanamlaza mtu na njaa. Hapa kwetu twalima tumbaku. Tulimsikia kwa masikio yetu mtu mmoja mwenye kazi akimwambia mama mjane, aliyekuja kudai malipo ya jasho lake: "Mama, hongo ni desturi ya wazee. Hata watemi walipokea." Yule mama akanyamaza, akafungua pindo la khanga yake. Angejibu nini, iwapo hata walimu wake hawakumfundisha tofauti?

Tofauti ndiyo hii. Hongo ya mtemi ilitolewa mchana. Ya huyu yatolewa faraghani. Ile ilitolewa na mgeni apitaye. Hii yatolewa na mwenyeji nyumbani kwake. Ile ilikuwa bei ya maji na ya kupita katika nchi ya watu. Hii ni bei ya haki ambayo mama alikwisha kuilipia kwa jembe.

Kwa hiyo yatupasa, walimu wenzetu, tulifundishe neno hili kwa maana zake mbili, kila moja na zamani zake, na tuwaulize wazee wangali hai waliyoyasikia kwa baba zao. Na kwa uovu wa leo tunalo neno tayari, rushwa. Anayeitaka na aiite kwa jina lake, mchana, mbele ya watu, tuone kama ulimi wake hautakwama.