Ajali Haina Kinga?



Ninyi mnaonifahamu mnajua kazi yangu. Mimi ni karani wa parokia. Vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya marehemu hukaa mezani pangu, na mimi ndiye niviandikaye. Mara kwa mara huja watu kuandikisha maziko ya kijana aliyekufa kwa pikipiki, au aliyeanguka kutoka juu ya gari la mizigo. Nikiuliza, "Ilikuwaje?" hutazamana, kisha mzee mmoja hunijibu, "Ah, Karani, ajali haina kinga." Basi, mazungumzo yamekwisha. Naandika jina na tarehe, nafunga kitabu.

Juma hili nataka tuupime msemo huo. Sitachukua mfano wa hapa kwetu, maana tukianza na wa hapa kila mtu atamtetea jamaa yake. Nitawachukueni mbali, mpaka Uswisi, nchi ya milima mirefu yenye theluji, tukapande eropleni ya kizee.

SHANGAZI JU

Eropleni hiyo iliundwa Ujerumani mwaka 1939, katika kiwanda cha Junkers. Aina yake ni Ju 52, na Wajerumani waliipa jina la utani "Tante Ju", maana yake Shangazi Ju. Ina injini tatu, moja puani na moja katika kila bawa, na kila injini huzungusha rafadha yake. Mwili wake ni wa bati lenye mikunjo. Ukiiona utadhani fundi ameyashusha mabati ya nyumba zetu akayashona kuwa ndege. Mikunjo hiyo si pambo. Fundi yeyote wa paa atakuambia kwamba bati lenye mikunjo halipindi upesi kama bati tambarare.

Jeshi la Uswisi lilinunua eropleni tatu za namna hiyo, likazitumia zaidi ya miaka 40, hata mwaka 1981. Zilipostaafu, watu waliozipenda hawakukubali zivunjwe. Walizitengeneza, wakaunda shirika lililoitwa Ju-Air katika uwanja wa Dübendorf, karibu na mji wa Zürich, wakaanza kuchukua abiria kwa nauli. Wengi wa mafundi na marubani walifanya kazi hiyo kwa kujitolea. Abiria nao hawakupanda kwa sababu ya haraka. Walitaka kuonja jinsi babu zao walivyosafiri angani.

Hebu nasi tupande. Mlango uko nyuma, ubavuni. Kwa kuwa eropleni hii hukalia mkia inapokuwa chini, sakafu yake imeinuka kama njia ya mlimani, nawe unatembea ukipanda mpaka kwenye kiti chako. Viti ni 17, vimepangwa kimoja kushoto na kimoja kulia, na njia katikati. Kwa hiyo kila mtu ana dirisha lake, wala hapana haja ya kunyosha shingo mbele ya jirani. Injini zikiwashwa, mngurumo unaingia mpaka kifuani. Hewani mwendo wake ni kama kilomita 180 kwa saa, wakati ndege kubwa za siku hizi huenda zaidi ya kilomita 800.

Tena ndege za siku hizi hupaa mita 10,000 na zaidi, kwa sababu zina mashine ya kuwajazia abiria hewa ndani. Shangazi Ju hana mashine hiyo, basi hawezi kupanda juu mno. Hupita chini chini, kati ya milima. Abiria huona paa za nyumba, ng'ombe malishoni, hata mtu anayepunga mkono. Huo ndio utamu wake, na hatari yake imo humo humo.

JUMAMOSI ILE

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 4 Agosti, 2018. Eropleni hiyo ilikuwa inarudi Dübendorf kutoka Locarno, upande wa kusini wa milima, baada ya matembezi ya siku mbili. Viti vyote 17 vilikuwa vimejaa, pamoja na marubani wawili na mhudumu mmoja. Jumla watu 20, wanaume 11 na wanawake 9, na miongoni mwao mume na mke waliosafiri pamoja. Marubani wawili wote walikuwa wamepita miaka 60. Walikuwa wamepata kurusha ndege za jeshi. Kama ni ujuzi, walikuwa nao.

Karibu na saa 11 ya jioni waliingia katika bonde lililo chini ya mlima Piz Segnas, wenye kimo cha mita 3,099. Ni bonde lenye umbo la bakuli, milima imelizunguka. Waliingia chini, kwa mwendo mdogo. Kutoka hapo ilikuwa lazima wavuke ukingo wa milima ulio mbele yao. Walipokuwa wakikata kona kushoto, eropleni ililala upande, ikainama pua, ikaanguka karibu wima. Hakupona hata mmoja.

Watu wengi mara moja walidhani ni uzee. Eropleni ya miaka 79, iliyokwisha ruka saa zaidi ya 10,000, utatazamia nini? Na wengine, bila shaka, walisema kama tusemavyo sisi, kwamba siku yao ilikuwa imefika.

WACHUNGUZI WALIULIZA

Serikali ya Uswisi ina ofisi ya kuchunguza ajali, na wachunguzi wake hawakuridhika na jibu hilo. Kazi ilikuwa ngumu, kwa sababu eropleni ya zamani kama ile haikuwa na chombo cha kunasa habari za safari. Walikusanya mabaki, wakatazama picha zilizopigwa na abiria na watu waliokuwa chini milimani, wakapima mwendo na kimo. Waliuliza zaidi ya miaka miwili. Taarifa yao ya mwisho ilitoka Januari 2021.

Walikuta mambo gani? Walikuta kweli kutu na nyufa katika vyuma, na utunzaji usiotosha, hata wakasema eropleni ile haikustahili kuruka kwa hali iliyokuwa nayo. Lakini hawakuona kwamba kasoro hizo ndizo zilizoiangusha. Walikuta pia kwamba uzito ulikaa nyuma kupita kipimo, jambo lililofanya eropleni iwe ngumu zaidi kutawalika. Ila sababu kubwa ilikuwa njia waliyoichagua marubani.

Nitaeleza kwa maneno mepesi. Bawa hubeba ndege kwa sababu ya upepo upitao juu yake na chini yake. Mwendo ukipungua mno, au pua ikiinuliwa mno, upepo huacha kulishika bawa, na ndege huanguka kama kishada kilichokatika uzi. Milimani tena upepo hupanda na kushuka ghafula. Kwa hiyo rubani wa milimani hufundishwa kuacha nafasi: asiingie bondeni chini mno, apite ubavuni ili aweze kugeuka na kurudi, na awe na mwendo wa akiba. Siku ile hapakuwa na nafasi ya kugeuka wala mwendo wa akiba. Upepo uliposhuka juu yao, hawakuwa na njia nyingine.

Sasa sikilizeni neno ambalo mimi limenigusa kuliko yote. Wachunguzi walirudi nyuma wakatazama safari nyingine za marubani wa shirika lile. Wakaona kwamba kupita chini mno na karibu mno na milima halikuwa jambo la siku moja. Lilikuwa limekuwa desturi. Kila mara walipita, abiria wakafurahi, wakapiga picha, eropleni ikarudi nyumbani salama. Kila safari iliyorudi salama iliwafundisha uongo, yaani kwamba hapana hatari.

Mwaka 2019 serikali ilikataza eropleni za namna hiyo za shirika lile kuchukua tena abiria kwa nauli.

NA SISI JE?

Siwalaumu waliopanda. Mtu aonapo kitu cha kale kimesuguliwa kikang'aa, na rubani mwenye nywele nyeupe akitabasamu mlangoni, atakuwa na shaka gani? Wala sisemi kwamba kitu cha kale ni kibaya. Tatizo la siku ile lilikuwa mazoea kuliko miaka ya chombo.

Wazee wetu walisema, mazoea yana taabu. Kijana anayepakia watu watatu juu ya pikipiki bila taa huniambia, "Karani, mbona kila siku nafika?" Mwenye mtumbwi anayejaza watu mpaka maji yanalamba ukingo hunena maneno hayo hayo. Wale marubani nao walikuwa wakifika kila siku, mpaka siku ile.

Ajali nyingine hazina kinga kweli, nakubali. Lakini tusiutumie msemo huo kama kifuniko cha chungu. Najua kuuliza kunauma. Jamaa za wale marubani, kama waliisoma taarifa ile, haikosi waliumia. Hata hivyo kama wachunguzi wangefunga kitabu kama nilivyozoea mimi kufunga changu, desturi ile isingejulikana, na abiria wengine 17 wangeketi katika viti vya namna ile ile.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mkija tena ofisini kwangu kwa habari ya msiba kama huo, nitawapa pole, nitawapa kiti, nami nitauliza, "Ilikuwaje?" Mkinijibu kwa msemo, niwieni radhi, maana nitauliza mara ya pili.

Kwa herini mpaka juma lijalo.

Ni mimi,
Karani wenu