Baridi ya Ufipa Haiingii na Mwanga

Eti Ufipa ni baridi, kwa hiyo nyumba za Sumbawanga ziwe na madirisha madogo, na giza la ndani liondolewe kwa taa. Ndivyo inavyodai makala moja.

Baridi ya Juni na Julai huletwa ndani na upepo, nao hupenya kwenye nyufa za fremu na chini ya mlango. Kioo kilichokazwa vizuri huuzuia na mwanga ukapita. Kuhusu taa, mkoa ulionunua umeme Zambia miaka mingi unashauriwa kuwasha balbu saa sita mchana!

Kituko hasa ni dai kwamba dirisha likae upande wowote, kwani "jua ni lilelile". Mwandishi hajawahi kutazama kivuli cha nyumba yake? Tuko takriban nyuzi 8 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri liko kaskazini, na upepo wa kipupwe hutoka kusini-mashariki. Basi dirisha kubwa likae kaskazini. Ukuta wa kusini-mashariki auzibe apendavyo.

Ndani, paka chokaa nyeupe. Na hivyo vioo vya bluu vinavyopendwa siku hizi? Unamlipa fundi akupunguzie mchana.